Nakesha nikisoma anatomia, asubuhi sikumbuki kitu

Shikamoo Mwalimu,

Nipo mwaka wa kwanza wa udaktari. Masomo mengine nayamudu, lakini anatomia imenishinda. Nimefeli majaribio mawili mfululizo, na sasa zimebaki wiki 6 kabla ya mtihani wa marudio. Nikifeli huo narudia mwaka.

Si kwamba sisomi. Nakaa na kitabu mpaka usiku wa manane. Nasoma ukurasa, napiga mistari ya rangi, nausoma tena, naona nimeelewa. Asubuhi mtu akiniuliza msuli fulani umeshikwa wapi na unapata neva (mshipa wa fahamu) gani, kichwa kitupu. Mifupa angalau naikumbuka. Misuli inanichanganya. Neva ndizo sizielewi kabisa. Ule mtandao wa neva za mkono, pleksasi ya brakiali, nimeuchora mara nyingi nikinakili kitabuni, na bado naona mistari tu inayoingiliana.

Mtihani wa vitendo ndio mbaya zaidi. Tunapita meza hadi meza, kila meza ina pini iliyochomekwa kwenye mfupa au kipande cha mwili. Unapewa muda mfupi, kengele inalia, unasogea. Kwenye picha neva ni ya njano, ateri nyekundu, veni ya bluu. Kwenye maiti vyote vina rangi moja. Nabaki nimekodoa macho mpaka kengele inalia.

Kuna na jambo ambalo naona aibu kulisema. Siku ya kwanza tulipofunuliwa maiti nilitoka nje kwa kizunguzungu. Mpaka leo nasimama nyuma ya wenzangu, nachungulia mabegani kwao, sijashika kitu chochote. Wao wanaona kawaida. Kaka yangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, anasema mtu anayeogopa maiti na asiyeweza kukariri hiyo kazi si yake, nitafute kozi nyingine mapema. Namheshimu sana, na nimeanza kuamini anachosema.

Je, kuna watu ambao vichwa vyao havikuumbwa kwa anatomia? Kama si hivyo, nifanye nini kwa wiki hizi zilizobaki?

Mwanafunzi aliyechoka

---

Marahaba mwanangu,

Umeniandikia matatizo mawili, moja la kusahau na moja la woga, na umeyatenganisha. Mimi naona yameshikana. Unasimama nyuma ya wenzako, halafu unashangaa kwamba neva na ateri zinafanana. Kwa mtu anayechungulia kwa mbali zinafanana kweli. Tofauti yake inajulikana kwa vidole.

Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ina ukuta mnene. Ukiibana kati ya vidole viwili kisha ukaiachia, inarudi kwenye umbo lake la mviringo, na palipokatwa unaona tundu. Veni, mshipa unaorudisha damu moyoni, ina ukuta mwembamba, mara nyingi imelala bapa, na ndani yake unaweza kukuta damu iliyoganda, nyeusi. Neva haina tundu. Imejaa, na ukiiviringisha kidoleni unahisi nyuzi zilizofungwa pamoja. Kano nayo ni nyeupe, inang'aa, na ukiifuata hukawii kufika kwenye nyama ya msuli, wakati neva ukiifuata itakupeleka kwenye tawi lingine, na lingine tena. Hakuna rangi ya kitabuni inayoweza kukufundisha hayo. Ukishashika kila kimoja mara chache, hiyo rangi moja unayoilalamikia haitakusumbua tena.

Baada ya kugusa, angalia mpangilio. Vitu mwilini vina jirani zake, na kwa kawaida jirani hao hawabadiliki. Kwenye kinena, ukitoka upande wa nje wa paja kuja ndani, unakuta neva kwanza, kisha ateri, kisha veni. Chini ya kila ubavu, ukitoka juu kwenda chini, ni veni, ateri, neva, na vyote vimejificha kwenye mfereji wa ukingo wa chini wa ubavu. Ndiyo maana daktari anayetoa maji kifuani hupitisha sindano juu ya ukingo wa juu wa ubavu, asije akavichoma. Sababu ya namna hiyo ukiielewa mara moja, mpangilio wenyewe hausahauliki.

Sasa kuhusu woga. Kupata kizunguzungu mbele ya maiti si udhaifu wala si dalili kwamba umekosea kozi. Pale mezani amelala mtu. Alikuwa na jina, alikuwa na watu wake, na wengine huamua wenyewe wakiwa hai kwamba miili yao ifundishie. Moyo wako umelitambua hilo kabla hujafungua kitabu, na mimi ningependa kutibiwa na daktari wa aina hiyo. Wala usidhani wenzako wote wanaona kawaida. Wengi wanaficha, na baadhi ya wanaocheka sana chumbani mle wanacheka kwa sababu hawajui wafanye nini na walichokihisi.

Lakini huwezi kuendelea kusimama nyuma. Muombe mwalimu wa maabara akuruhusu kuingia wakati hakuna kundi, wewe na mwenzako mmoja unayemwamini. Uso na viganja vibaki vimefunikwa, kwa maana hizo ndizo sehemu zinazowaumiza wengi. Anza na paja au mgongo. Vaa glavu, weka mkono tu, usikate chochote siku hiyo. Harufu ya formalini, dawa inayohifadhi maiti, huwasha macho na pua, na kusimama muda mrefu bila kula kunachangia kizunguzungu, kwa hiyo kula kwanza, na ukiona unalegea kaa chini au toka upate hewa. Kisha rudi. Kurudi ndiko kunakohesabika. Ikiwa usingizi umekupotea au picha zile zinakufuata hata nje ya maabara, mweleze mwalimu wako au mshauri wa wanafunzi, usibaki nalo peke yako.

Umeniuliza kama vichwa vingine havikuumbwa kwa anatomia. Sivyo. Kinachokuangusha ni namna unavyosoma. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma maandishi na kuyarudia kuyasoma, lingine liliyasoma kisha likajitahidi kuyaandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Soma tena barua yako uone. Usiku unahisi umeelewa, asubuhi hakuna kitu. Ukurasa uliousoma mara tatu unauzoea, na mazoea hayo unayachukulia kuwa ni maarifa.

Kwa hiyo acha kalamu za rangi. Soma kipande kifupi, funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora na uandike unachokumbuka. Kitakuwa kidogo na kitauma. Fungua, sahihisha, funga tena. Kesho yake anza kwa kuchora kile cha jana kabla ya kusoma kipya, na baada ya siku chache ukirudie tena. Kunakili mchoro kitabuni, kama ulivyofanya na pleksasi, hakukufaidishi, maana jicho linaona na mkono unafuata bila kichwa kushughulika.

Na kitabu chako cha kwanza kiwe mwili wako mwenyewe, kwa sababu huo unaingia nao kwenye mtihani. Inamisha kichwa upitishe kidole nyuma ya shingo: pingili inayojitokeza zaidi mara nyingi ni ya saba. Gusa kishimo kilicho chini ya koo, ushuke karibu sentimita 5 ukifuata mfupa wa kidari, utakuta tuta dogo lililokingama. Hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana na kidari. Madaktari huanzia hapo kuhesabu mbavu, kwa kuwa ule wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga. Hesabu kutoka hapo, upande wa kushoto, mpaka nafasi iliyo chini ya ubavu wa tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, na huenda ukahisi ncha ya moyo ikigonga. Weka mikono kiunoni, viganja juu ya mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha kingo zake za juu unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Uti wa neva wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kwa sababu hiyo sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo huchomwa chini zaidi, usawa wa hapo ulipoweka mikono.

Mifupa umesema unaikumbuka, basi sitakaa hapo. Nakuomba kitu kimoja tu: kila mfupa unaoushika, sema kwanza ni wa kulia au wa kushoto, na ueleze umejuaje. Mfupa wa paja, kwa mfano, kichwa chake huelekea juu na ndani, na mstari wake wa mkwaruzo uko nyuma. Fanya hivyo ukiwa umefumba macho. Na usisahau kwamba kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwako wewe unayemtazama.

Misuli inakuchanganya kwa sababu unaikariri kama orodha yenye vitu vinne kwa kila msuli: mwanzo, mwisho, kazi, neva. Punguza mzigo huo. Msuli hausukumi, unavuta tu. Ukijua umeshikwa wapi pande zote mbili na umevuka kiungo gani, kazi yake unaitoa mwenyewe bila kuikariri. Baisepsi, msuli wa mbele ya mkono juu ya kiwiko, imevuka mbele ya kiwiko, basi lazima ikikunje. Lakini kati ya mifupa miwili ya kigasha haikushikwa kwenye ulna, imeshikwa kwenye radiasi, mfupa ulio upande wa kidole gumba na unaojizungusha, kwa hiyo inageuza pia kiganja kitazame juu. Jaribu sasa hivi. Kunja kiwiko, shika baisepsi kwa mkono wa pili, kisha geuza kiganja juu kwa nguvu. Umeihisi ikivimba? Halafu nyoosha na ukunje vidole ukiwa umeshika kigasha. Sehemu kubwa ya misuli inayoviendesha iko huko juu, vidoleni zinafika kano tu.

Tuje kwenye neva, na hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo ulipokata tamaa na ndipo palipo na utaratibu mzuri kuliko kokote.

Usianze na neva moja moja. Anza na sehemu. Paja lina sehemu tatu. Misuli ya mbele inanyoosha goti, na neva yake ni ya femori. Ya upande wa ndani inavuta paja kuelekea paja la pili, na neva yake ni ya obturata. Ya nyuma inakunja goti, na inahudumiwa na neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote mwilini. Zipo tofauti ndogo, utazijaza baadaye. Kwa mistari hii mitatu tayari unaweza kujibu maswali mengi ya paja kuliko ulivyoweza jana.

Mkono unafuata mantiki hiyohiyo, na pleksasi ndiyo inayoipanga. Mizizi 5 inatoka shingoni na mwanzo wa kifua, kuanzia neva ya tano ya shingo mpaka ya kwanza ya kifua. Mizizi inaungana kuwa mashina 3. Halafu kila shina linagawanyika mara mbili, na hapo ndipo penye siri yote: tawi moja linakwenda kwa misuli ya mbele, lingine kwa misuli ya nyuma. Matawi yote 3 ya nyuma yanakusanyika kuwa kamba moja ya nyuma, na hiyo inazaa neva ya aksila na neva ya radiali. Basi, kila msuli unaonyoosha kiwiko, kifundo cha mkono au vidole kwa kutokea nyuma ya mkono na kigasha, ni wa radiali. Kuhusu matawi ya mbele, yale ya shina la juu na la kati yanatengeneza kamba ya nje, na lile la shina la chini linatengeneza kamba ya ndani. Kamba ya nje inatoa neva ya muskulokutania, inayokunja kiwiko. Kamba ya ndani inatoa neva ya ulna. Na kila moja ya kamba hizo mbili inachangia kipande, vipande vinaungana, unapata neva ya mediani. Neva 5 kubwa, umemaliza. Ichore sasa bila kitabu, ukijiambia kwa sauti kila mstari unakwenda mbele au nyuma.

Ukishaichora, anza kuikata. Namaanisha kwa maswali. Mtu amevunjika katikati ya humerasi, mfupa ulio kati ya bega na kiwiko, na sasa kifundo cha mkono kinaning'inia, hawezi kukiinua. Neva gani? Ya radiali, kwa sababu inazunguka nyuma ya mfupa huo hapohapo. Je, anaweza kunyoosha kiwiko? Kwa kawaida anaweza, kwa kuwa matawi mengi ya traisepsi, msuli wa nyuma unaonyoosha kiwiko, yametoka juu zaidi, kabla neva haijafika palipovunjika. Mwingine ametembelea magongo marefu kupita kiasi, yamembana kwapani. Kifundo chake kinaning'inia vilevile, lakini safari hii hata kunyoosha kiwiko kunamshinda. Neva ni ileile, pametofautiana mahali tu, na umepajua kwa kuomba mgonjwa anyooshe mkono. Hiyo ndiyo kazi utakayoifanya maisha yako yote. Sioni kwa nini ufichwe utamu wake mpaka mwaka wa tatu.

Jitengenezee maswali ya namna hiyo kila siku. Ukijigonga kiwiko kwa ndani, kwa nini ganzi inakimbilia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete? Kwa nini sindano ya tako huchomwa robo ya juu upande wa nje? Kwa nini mtu mwenye tatizo chini ya diaframu, msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo, anaweza kulalamika maumivu ya bega? Hili la mwisho ni zuri sana: diaframu ya mtoto tumboni huanza kuumbika usawa wa shingo kisha inashuka, na inashuka na neva yake, ya freniki, inayotoka kwenye neva ya tatu, ya nne na ya tano ya shingo. Ngozi ya bega nayo inapeleka hisia zake kwenye usawa huohuo, na ubongo unashindwa kutofautisha maumivu yametoka wapi.

Viungo vya ndani havitakusumbua ukivisoma kwa ujirani. Ini liko kulia na ni kubwa, kwa hiyo figo la kulia limekaa chini kidogo kuliko la kushoto. Moyo umeelekea kushoto, pafu la kushoto lina sehemu 2, la kulia 3. Endelea hivyo.

Na ukikuta maiti haifanani na picha, usidhani umekosea. Watu hutofautiana. Kuna msuli mwembamba wa kigasha, palmarisi longasi, ambao baadhi ya watu hawana kabisa na hawajapungukiwa na chochote. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo, uone kama kano yake inainuka katikati. Galeni, tabibu wa kale ambaye hakupasua maiti za watu bali wanyama, aliandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili, na kwa karne nyingi waliosoma maandishi yake walikubali. Mwanaanatomia Andreas Vesalius, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1543, alionyesha kuwa kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Alilishika mwenyewe. Amini mkono wako, kisha linganisha na kitabu.

Kwa kaka yako usibishane. Anayelipa ada ana haki ya kuogopa kupoteza. Mweleze kwamba majaribio mawili umeyafanya ukiwa unasoma kwa njia isiyofaa na ukiwa hujagusa mwili hata mara moja, na umuombe akuache umalize wiki hizi 6 kabla ya kuamua lolote. Kama baada ya kusogea mezani na kujaribu kwa uaminifu utaona hii si kazi unayoitaka, mtazungumza, na hakutakuwa na aibu. Lakini uamuzi huo uutoe wewe, usitolewe na woga.

Wiki ya kwanza ni ya mkono tu, mpaka uweze kuuchora na kuukata kwa maswali. Ya pili ni mguu. Kifua na tumbo vipate ya tatu na ya nne, kichwa na shingo ya tano, maana huko kuna jozi 12 za neva za kichwa na usizifanyie haraka. Ya sita usisome kipya. Kila wiki ingia maabara angalau mara mbili, na kila ukitoka, mwenzako akuchomekee pini nawe umchomekee yake.

Siku ya mtihani, ukifika mezani usianze kutafuta jina kichwani. Jiulize kwanza: hii ni sehemu gani ya mwili, ni upande gani, juu iko wapi? Ukishajua hapo ni nyuma ya kigasha, majina yanayowezekana yameshapungua, na neva karibu hakika ni ya radiali au tawi lake. Usipopata, andika kile ulichofikia kwa hoja, usiache nafasi wazi, na kengele ikilia iache meza hiyo nyuma yako kabisa.